Nyaya Zinazoiruka Ngiluni

Merrylands, Sydney
9 Machi 2025

Mwanangu Maxwell,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na barua ya hasira haifai kutumwa kwa mtoto. U hali gani? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Dada yako Mutanu bado ni muuguzi katika hospitali ya Westmead, na wajukuu wangu hunisikiliza nikisema Kiswahili, kisha hunijibu kwa Kiingereza.

Nimeisoma fomu ya ridhaa ya kampuni unayofanyia kazi. Mnataka nyaya zipite juu ya shamba langu la Ngiluni, zitoe umeme wa jua Kenya na kuupeleka Tanzania. Sitatia sahihi. Zahanati ya Ngiluni haina hata friji ya chanjo. Chanjo huletwa Jumanne kwa bodaboda, ndani ya kasha la barafu, na mtoto anayezaliwa Jumatano husubiri. Umeme utapita juu ya paa hilo uende nchi nyingine?

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Ephraim

Ngiluni
16 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako katika picha uliyonitumia kwa simu, hata kama umenichapa. Huku tuko salama, mvua tu ndiyo imechelewa.

Baba, ni wewe uliyetufundisha kugawana. Mchana jua la kaskazini linatoa umeme mwingi kuliko tunavyotumia. Ziada inaenda Tanzania, nao wanaacha maji yao bwawani. Jioni wanayafungulia yaendeshe mitambo, na umeme unarudi kwetu. Hakuna anayepoteza. Lakini hizo nyaya zina nguvu nyingi mno, huwezi kuchomeka friji njiani.

Mimi ndiye afisa ardhi wa mradi, na limebaki shamba lako tu. Kila asubuhi bosi ananiuliza, "Bwana Ardhi, yule mzee wako wa Australia amelainika?" Wengine wote walikubali barazani. Kumbukumbu za mkutano zinasema walikubali kwa makofi.

Mwanao,
Maxwell

Merrylands
23 Machi 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Goti langu linauma, lakini linatembea.

Umeandika makofi. Ngiluni tunampigia makofi kila mgeni anayesimama barazani. Chifu husema "matatu", nasi hupiga matatu. Hata muuza dawa ya kupe alipigiwa, na kupe hawakufa. Tangu lini adabu ikawa ridhaa? Tena, ni nani aliyeziandika kumbukumbu hizo?

Nilimsomea barua yako jirani yangu Vénérand, Mkongo wa Uvira anayefanya kazi ghalani Lidcombe. Alicheka akasema, "Mwalimu, hata kule kwetu umeme inapita juu inaenda kwa wengine. Siye tunasikia tu vile inalia." Mimi sikucheka. Paa la Mutanu lina paneli kumi na nne za umeme wa jua. Umeme unaozidi mchana huingia katika nyaya za mtaa, na Vénérand, ambaye hana paneli, huutumia kupikia. Hapa hakuna nyumba inayorukwa.

Sipingi kugawana na Watanzania. Napinga kurukwa. Najua pia kwamba friji haichomekwi kwenye waya mkubwa. Kituo cha kupunguza nguvu kiko kilomita kumi na moja kutoka zahanati. Walete laini ndogo kutoka huko, waahidi kwa maandishi, nami nitatia sahihi siku hiyo hiyo.

Baba yako

Ngiluni
14 Juni 2025

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Nimechelewa sana.

Ni mimi niliyeandika zile kumbukumbu. Bosi aliniambia niandike "walikubali", nikaandika. Nakala ya barua yako ilikaa droweni wiki mbili. Kisha nikazunguka nyumba zote kumi na nane nilizoandika kuwa zilikubali, nikiuliza mmoja mmoja. Mama Syombua aliniambia, "Wewe Maxi, mimi nilikupigia makofi kwa sababu suti ilikukaa vizuri. Mambo ya waya ulinieleza lini?" Kumi na tano wanasema kama wewe: zahanati kwanza.

Niliandika kumbukumbu mpya, nikazipeleka kwa jopo linalosikiliza malalamiko kuhusu mradi. Ijumaa ya tarehe 6 kampuni ikaniachisha kazi.

Kikao cha jopo ni tarehe 3 Julai. Jana kampuni ilimtuma mtu na ofa: ukitia sahihi kabla ya kikao, watakuwekea umeme nyumbani kwako hapa Ngiluni. Kwako peke yako. Nimwambieje?

Mwanao

Merrylands
18 Juni 2025

Mwanangu,

Nakusalimu, pamoja na nyumba zote kumi na nane.

Mwambie hapana. Fomu yao nimeirudisha leo kwa posta bila sahihi, nikaandika chini yake: taa yangu haitawaka peke yake.

Umepoteza kazi kwa kuandika ukweli baada ya kuandika uongo. Mama yako, angalikuwa hai, angalikupikia. Mimi nasema tu kwamba barua yako nimeisoma mara nne.

Jopo limekubali nitoe ushahidi kwa simu ya video. Saa nne yenu ya asubuhi ni saa kumi na moja jioni hapa. Nitavaa tai. Wewe keti mbele pamoja na Mama Syombua, na asiwepo mtu wa kuwasemea.

Uamuzi wa jopo utaletwa kwangu, mwenye hati ya shamba. Uwe wa kutupatia umeme au wa kutunyima, nitakuandikia siku nitakapoupokea. Mpaka siku hiyo, nguzo haisimami Ngiluni.

Baba yako