Mbavu za Honi

Jumapili, 2 Juni

Leo kapuliza tarumbeta! Kioo cha dirisha la jikoni kimetetemeka. Nilikuwa nasuuza vikombe, nikasimama na kikombe mkononi maji yakinichuruzikia. Wimbo mzima, mpaka ile sehemu ya juu ambayo wenzake wanaikwepa. Watoto wa jirani wakaanza kupiga kwata uani. Ndiyo maana binti yangu mtaa mzima wanamwita Honi. Jina lake lenyewe tunalijua mimi na walimu wake tu.

Jumamosi hii ndiyo majaribio. Bendi ya zimamoto inataka mpiga tarumbeta mmoja wa kuajiriwa — ajira kabisa, sare, buti, mshahara. Wanaopigia bendi hiyo kwa kujitolea ni wengi lakini wa maana ni wawili. Wangu, na mmoja wa wale mapacha wa Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kijana si mbaya, nisiwe mchoyo. Anapuliza kama mtu anayepoza uji.

Nimemwambia Mama Pacha aanze kumtafutia mwanawe kazi nyingine mapema. Kwa wema tu. Akanijibu asante kwa taarifa, redio.

Ila baada ya kupuliza nilimkuta Honi kakaa ukingoni mwa kitanda, mkono kaubana ubavuni kushoto, karibu na mfupa wa kifua. Anapumua vipande vipande. Nikauliza, ni ile tena? Imepita mama, imepita. Haijapita! Mimi ndiye niliyemzaa.

Ilianza mwaka jana baada ya kile kikohozi kirefu. Inakuja, inakaa, inaondoka, ukishaisahau inarudi. Nikalipiga pasi taulo mpaka likawa moto, nikamwekea. Hiyo ndiyo dawa ya nyumba hii. Miaka yote hii napiga pasi chumba cha kufulia hotelini, shuka, foronya, vitambaa vya meza — joto nalijua kwa kiganja. Likipoa, la pili. Uso ukakunjuka. Kalala kakumbatia mto kama alivyokuwa mdogo.

Jumatatu, 3 Juni

Kazini nimewatangazia wote. Wa mashine, wa kukunja, mpishi. Na mgeni mmoja aliyeshuka kudai shati lake. Akasema hongera sana mama, na shati?

Mwenzangu wa mashine akaniuliza, huyo binti akikosa wewe utahamia mtaa gani? Tukacheka wote. Mimi nikaacha kucheka kabla yao.

Jioni Honi kashindwa kunyanyua ndoo ya maji. Akipiga chafya anashika ukuta kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa! Tena sijui kwa nini sikuiwaza mapema.

Nilipomzaa huyu huyu, marehemu mama alinifunga tumbo kwa kitambaa, akakaza kweli kweli, na mimi nikanyanyuka nikatembea kama askari. Sasa mbavu zikicheza si zinafungwa vilevile? Nimechana shuka kuukuu vipande virefu. Nikamsimamisha, nikamzungushia kuanzia kwapani kushuka, goti langu mgongoni kwake, navuta. Shuka nazikaza kila siku, mkono wangu ukikaza umekaza.

Analalamika — mama, mimi si godoro! Nikamwambia nyamaza, godoro halipati ajira.

Na maumivu yakapungua! Kasema mwenyewe. Kapuliza taratibu, sauti ya chini, hakushika ubavu hata kidogo. Kachuchumaa, kainuka. Kakohoa kidogo, haikumchoma. Nikajiona daktari mzima, kasoro koti.

Nikaenda ukutani kumweleza Mama Pacha. Nikamweleza na vile vitambaa na jinsi ya kukaza. Akaniangalia sana. Akauliza, na hewa anapitishia wapi? Nikajua ni wivu.

Jumatano, 5 Juni

Leo naandika mlango nimeufunga.

Nilitoka kazini moja kwa moja mpaka kituo cha zimamoto, hata aproni sikuvua. Wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa magari, jua linapiga lami. Honi mstari wa mbele, sare ya kuazima nimeinyoosha mimi, imesimama kama ubao. Ndani yake vitambaa vyangu. Asubuhi nilivikaza zaidi, maana alisema vimelegea.

Walianza vizuri. Nilikuwa namwonyesha dereva wa gari la maji — yule pale, wa tatu, ni wangu. Wakafika ile sehemu ya juu. Sauti yake ikapanda, ikapanda — ikakatika. Kama bomba lililofungwa. Nikaona midomo imebadilika rangi. Akayumba mbele. Yule pacha akatupa tarumbeta lake chini akamdaka.

Alitupa tarumbeta lake chini. Lina bonde sasa.

Nilikimbia sijui vipi. Nikapiga kelele, wanaume geukeni huko! Nikafungua vifungo vya sare, nikafika kwenye vitambaa. Fundo likanikatalia. Fundo langu mwenyewe! Vidole vinateleza, na yeye macho yamepanda juu. Nikalifungua kwa meno. Akavuta hewa — ile sauti sitaisahau. Kama mtu anayetolewa majini.

Nikavificha vitambaa ndani ya aproni kabla hawajageuka.

Mkuu wa bendi akaja akachutama. Una nini wewe binti? Honi akasema sikunywa chai asubuhi, mkuu, njaa tu. Mkuu akanitazama mimi. Na mimi, mtu wa maneno yote haya, nikatikisa kichwa kukubali.

Tumerudi kwa miguu, tarumbeta nimelibeba mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Hospitali. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina dharura. Wakauliza ipi, nikasema dharura. Wameshangaa, hawajawahi kunisikia nikisema neno moja.

Daktari mwanamke, kijana, sauti ya upole. Kamsikiliza kifua mbele na nyuma. Kamlaza akambandika zile waya za kupima moyo. Moyo mzima. Picha ya kifua — mapafu safi, mfupa haujavunjika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wa foleni wakachungulia.

Halafu akabonyeza kwa kidole, pale ubavu unapoungana na mfupa wa katikati. Honi akaruka nusu kitanda. Daktari akasema ndiyo hapo. Kuna gegedu — kitu laini kama cha sikioni, kinachounga ubavu na mfupa wa kifua. Limewaka moto kwa ndani, kama kidonda. Halina hatari ya moyo, ila ni sumbufu, linatulia na linarudi, hasa kwa mtu wa kukohoa, kubeba, au kupuliza. Mtu anaishi nalo akijua kulitunza.

Akaona alama za vitambaa, mistari myekundu ubavuni kote. Nani kamfunga?

Nikatazama bango la chanjo ukutani. Nikasema mimi.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Akasema mama, ukimfunga maumivu yanapungua kwa sababu kifua hakitanuki. Na kifua kisichotanuka hakiingizi hewa. Mtu wa tarumbeta anahitaji hewa kuliko mimi na wewe. Zamani hata hospitali walifunga, siku hizi tumeacha, pafu lisipotanuka vizuri makohozi yanakaa chini na nimonia inaingia.

Taulo la moto kasema ni zuri! Nikamwambia mimi ni mtu wa pasi. Akasema endelea, lisiunguze tu. Vidonge vya maumivu baada ya chakula, si kabla. Akikohoa akumbatie mto kifuani. Avute pumzi polepole kwa pua, mkono tumboni, tumbo ndilo linyanyuke. Asimame mlangoni, mikono kwenye fremu pande mbili, aegemee mbele taratibu mpaka kifua kifunguke, pasiume. Ndoo asibebe. Akikosa pumzi, akitoka jasho la baridi, maumivu yakihamia mkononi au tayani — mbio hospitali, tusisubiri kesho.

Na tarumbeta apumzike. Wiki kadhaa, mpaka akibonyezwa pale asiruke. Kisha aanze kidogo kidogo.

Honi akauliza, na kama ni mara moja tu? Jumamosi tu, wimbo mmoja?

Daktari akamgeukia yeye. Akasema siwezi kukwambia utakufa, nitakuwa nakudanganya. Ila unaweza kuanguka tena, na jambo la wiki likawa la miezi. Uamuzi ni wenu.

Nilitaka aseme neno kubwa. Neno la kutisha, nilibebe mpaka nyumbani niliweke mezani, yaishe. Kanirudishia mzigo.

Jioni Mama Pacha kaniita ukutani. Nikajiandaa kujibu. Akauliza hali yake tu. Halafu akasema — mwenzangu, mambo ya vile vitambaa sijamwambia mtu. Hata mwanangu. Kazi ni yao wanaigombea, lakini mimi sipiti na habari za mtoto wako. Wewe ndiye msemaji, utasema mwenyewe.

Nikasema asante tu. Mimi!

Ijumaa, 7 Juni

Tumegombana tangu chai.

Nimemwambia Jumamosi haendi. Kaniambia ana miaka ishirini na mbili. Nikamwambia hata akiwa na hamsini. Akasema bora aanguke akipuliza kuliko kukaa ndani akimsikiliza mwenzake anachukua nafasi yake. Nikasema nafasi zitakuja nyingine. Akaniambia, zipi mama? Umewahi kusikia zimamoto wanatafuta tarumbeta? Sikuwahi.

Halafu akasema taratibu, hata hakupaza sauti — mama, umewatangazia mpaka wageni wa hotelini. Umemwambia muuza mkaa. Wewe ndiye uliyesema nitachukua. Sasa nikae nyumbani niwaambie nini?

Nikaenda kupiga pasi. Hakukuwa na nguo ya kupiga. Nikapiga ileile foronya.

Mchana aliingia chumbani akarudisha mlango, nikasikia sauti moja ya chini ya tarumbeta. Moja. Halafu kimya. Nikafungua mlango, kashika ubavu, machozi yanatoka bila yeye kulia. Nikamwekea taulo. Hakunizuia. Nikamwambia pumua, mkono tumboni. Tukapumua wote wawili kama wendawazimu, mimi nikamzidi kelele, akacheka, kicheko kikamchoma, akanikataza kuchekesha. Kwa muda pale ilikuwa nyumba ya kawaida.

Saa kumi mkuu wa bendi kapiga simu. Kanipigia mimi. Mama Honi, kasema, mtu kaanguka mbele ya macho yangu na ananiambia chai. Yeye simuulizi tena. Wewe nimekufahamu, hujawahi kunificha kitu, hata nisichokuuliza. Ni mzima au si mzima? Ukisema mzima, kesho namsikiliza wa kwanza. Ukisema mgonjwa simpangi, sipangi mgonjwa juani. Na ajira ni moja, sina ya kumwekea.

Nikamwambia pasi inaunguza, anipigie tena baadaye kidogo. Pasi ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo nimekaa hapa na kalamu, nijaribu maneno kwanza, maana mdomo wangu naufahamu.

Mkuu, binti yangu ndiye bora kuliko wote hapo kwenu, ila —

Hapana.

Mkuu, kwenye ukoo wetu hatuna wagonjwa wagonjwa, ni kitu kidogo tu cha —

Hapana.

Mkuu, hata kwa pafu moja anamzidi yule —

Ala! Aliyetupa tarumbeta lake akamdaka. Futa.

Mkuu, nilimfunga mimi. Binti yangu anaumwa mbavu.

Hiyo. Naisoma, naisoma tena. Haina hata pembe ya kujisifia. Mbona fupi hivi?

Honi yuko mlangoni, mikono kwenye fremu, kaegemea mbele alivyofundishwa, ananitazama. Anauliza unaandika nini? Simjibu. Anasema mama, mwambie nilikosa chai. Neno moja tu. Umesema mengi kwa ajili yangu, ongeza hilo moja. Mama. Nakuomba.

Simu inaita. Hasogei. Na mimi bado nimeshika kalamu, napigia mstari ile sentensi fupi.