Sauti ya Chumba cha Kati

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nada ana jino. La chini, mbele. Nimeligusa kwa kidole, akaning'ata. Mama mkwe, Bi Ghanima, kacheka mpaka kajifunika mdomo kwa mtandio. Mara ya kwanza namsikia akicheka tangu mumewe, mzee Himyar, afariki. Yuko eda hapo chumba cha kati. Hatoki, hajipambi, hapokei mwanamume asiyekuwa wa ndani. Mimi ndiye macho yake ya nje. Namwambia samaki gani kaingia sokoni, nani kajifungua hapa Nguvumali.

Mume wangu, Qais, kajifungia stoo na muziki wa filamu. Vyombo vyake kavifunika shuka — udi, fidla, kodiani, kinanda, filimbi. Utadhani navyo vimefiwa. Mama mwenyewe alimwambia, "Fanya kazi yako, mwanangu. Ila majirani wasisikie, watasema tunacheza ngoma na kaburi la baba yako halijakauka." Basi anapiga udi na kitambaa kimelala chini ya nyuzi, blanketi mlangoni. Nikipita nasikia kama panya anakwaruza.

Hii ndiyo filamu yake ya kwanza kubwa. Siku zote wamemwita pale mtu anapokosekana. Mpiga fidla kaumwa — muite Qais. Kodiani haina mtu — Qais. Harusi za Pangani, taarabu, matangazo ya sabuni redioni, michezo midogo midogo ya kuigiza. Anaviweza vyote, kwa hiyo hakuna anayemjua kwa kimoja. Aliniambia hivyo mwenyewe mwaka tuliooana, akacheka, lakini macho hayakucheka. Safari hii jina lake litaandikwa peke yake kwenye kioo: Muziki — Qais Himyar. Inshallah.

Alhamisi, 17 Julai

Wilfred, mwenye filamu, kamrudishia kazi tena. Yuko Dar. Filamu ni ya mama aliyeozesha binti yake wa mwisho. Kuna pahala anarudi chumbani kwa binti, anakaa kwenye kitanda kitupu, hasemi kitu. Hapo ndipo Wilfred anakataa kila anachopelekewa. Udi, hapana. Fidla, hapana, ati inamlazimisha mtu alie. Filimbi — "Nasikia ufundi, Qais. Mtu simsikii."

Nilikuwa nimempelekea uji, simu iko spika. Qais anasema sawa kaka, sawa kaka. Simu imekatwa bado anasema sawa kaka.

Uji haukunywewa. Mimi nimeishia darasa la saba, muziki siujui. Nikamwambia mbona ile ya filimbi nimeipenda. Akanishika mkono. "Asante mama Nada." Kama unavyomwambia mtoto aliyekuletea kijiwe.

Jumapili, 20 Julai

Wilfred kakubali! Qais kaninyanyua jikoni, mwiko mkononi. Nikadhani ni filimbi.

Siyo filimbi. Juzi alasiri alikwenda kuswali akasahau maiki inarekodi. Ukuta wa stoo na wa mama ni mmoja. Mama alikuwa anamlaza Nada, ule wimbo wake usio na maneno, mm-mm na pumzi zake. Wote umeingia. Qais kauacha chini kabisa ya muziki wake, kaupeleka, akiamini hausikiki. Wilfred kausikia. Akamwambia toa udi. Kisha toa kinanda. Kisha toa na filimbi. Kimoja kimoja, mpaka akabaki mama peke yake. Hapo Wilfred akasema ndiyo hii, usiiguse tena.

Furaha yake imeisha palepale, mwiko haujapoa. Nimeiona inamtoka. "Mboni, mama yuko eda," akaniambia, kama vile sijui. Wanaume waliokuja kuhani hawakumsikia hata akikohoa. Leo ndiyo asikike kwenye sinema?

Nikamwambia nenda kamwombe. Akasema, "Mwombe wewe. Wewe hawezi kukukasirikia."

Jumatano, 23 Julai

Nimejaribu. Nilikuwa namkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Nikaanza — mama, ile kazi ya baba Nada... Akanidaka. "Namwombea kila swala. Baba yake kaondoka hajamwona na kazi iliyo yake." Kisha akaniuliza, je, udi wake umewapendeza watu wa Dar?

Nikasema umewapendeza.

Sijui nani kausukuma ulimi wangu. Akamshukuru Mungu, mikono juu. Akaniambia leo Qais nimwekee kipande kikubwa cha samaki, kile chake yeye.

Nilikwenda kutoa shida moja, nimerudi na mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Qais kajikaza, kamwambia Wilfred asubiri, ile sauti ni ya mama yake na mama yuko eda. Wilfred kasema pole, kwa nini hukuniambia? Kionjo cha filamu, na sauti ya mama ndani yake, kishatoka tangu jana. Watu wanatumiana kwenye simu, wanauliza nani huyo mama. Hakufanya makusudi, hakuambiwa. Na Qais hakumwambia kwa kuogopa kazi isimponyoke. Sasa nimlaumu nani? Wilfred kaongeza, kwa upole, kama sauti inaondoka basi hana namna, atatafuta mtu mwingine wa muziki. Siku zimemwishia.

Qais kavifunua vyombo vyote. Kaukamata ule wimbo kwa fidla, chini chini, apate kuuweka mahali pa mama. Nimesimama mlangoni na Nada. Kaupata, wallahi, hata pale pumzi inapokatika. Lakini Nada hakugeuza hata shingo. Qais kaliona hilo. Akaiweka fidla chini, taratibu, akaifunika.

Nimeswali. Sijui niombe nini hasa, nimeomba vyote.

Jumamosi, 26 Julai

Wifi Buthaina, dada yake Qais, kashuka kutoka Horohoro na vitenge vyake vya biashara. Hata shikamoo ya mama hakuimaliza.

"Mama, usanii umeanza lini?"

Nikamkonyeza. Nikamkanyaga.

"Unanikanyaga nini, Mboni? Mpakani kote wanayo. Mwenye duka la mkabala, aliyekulia hapa Nguvumali, mwanamume na ndevu zake, ananiambia Buthaina, huyu si mamako huyu? Na mama yuko eda!"

Qais katoka stoo, hedifoni shingoni. Hakujitetea. Buthaina akamgeukia. "Vyombo umejaza nyumba nzima hatuna pa kupita, ikabidi umtoe mama?"

Nikasema wifi, haikuwa makusudi. Akaniambia wewe mzalie watoto, haya tuachie. Nada naye akaanza kulia.

Mama akanyoosha mkono. "Nipeni nisikie."

Buthaina akamfungulia. Mama akaiweka simu sikioni kama aliyepigiwa. Akaisikiliza mpaka mwisho. Nada kanyamaza, nadhani aliusikia wimbo wake.

"Huyu mimi," mama akasema.

"Ndiyo, mama." Qais keshapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Na wewe unaingia wapi?"

Hatukumwelewa.

"Mama Nada kaniambia udi wako umewapendeza. Nimeungoja udi. Wewe umeingia wapi hapa?"

Qais anaangalia mkeka. Mimi sikuweza kumtazama yeyote. Buthaina, na maneno yake yote yale, akawa anakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa.

Mama akasema labda ni masikio yake, uzee. Akaomba irudishwe mwanzo.

Nimetoka na Nada. Naandika hapa ukumbini, kalala kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Simu ya Qais inatetemeka juu ya meza, ni Wilfred, anataka jibu leo, sauti ya mama ibaki au itoke. Sithubutu kuipokea. Sithubutu kumwita Qais. Ndani wimbo umefika mwisho tena. Namsikia mama anamwambia Buthaina ongeza sauti, nyamazeni nyote, nimempita tena huyu mtoto, udi wake sijausikia.