Gari Limelala Bila Chaji

Mke wangu, ukirudi kutoka zamu usichomoe waya wa gari. Nimeenda kazini kwa miguu.

Gari letu la umeme limezima mlimani asubuhi hii. Jirani, ambaye pikapu yake huwa naicheka kwa moshi, ndiye amelivuta hadi nyumbani huku akipiga honi mtaa mzima usikie. Nikaingia ndani na hasira zangu, nikamfokea binti yetu: "Umechomoa gari ili uchaji simu!"

"Baba, hebu tazama soketi."

Ilikuwa imechomekwa pasi, niliyonyooshea shati mwenyewe jana.

Ameondoka analia. ~~Mwambie sikukusudia.~~ Usimwambie kitu. Nitampitia shuleni, kwa miguu hivyo hivyo, nimwombe radhi mwenyewe.

Baba watoto, bingwa wa umeme