Telegramu ya "Mama, Isaka"

Mama Masunga,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nitaanzaje kukuandikia bila kukuamkia? Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Chai imepoa mezani. Sina raha kabisa.

Tangu tukuzike, chumba chetu cha telegramu hapa stesheni ya Isaka kimebadilika. Mkuu mpya ameleta sanduku la mbao. Telegramu yoyote yenye anwani mbovu inatupwa humo, kisha inarudishwa ilikotoka. Reli wanataka jina la stesheni, posta wanataka namba ya sanduku, na asiye na hivyo shauri yake. Nakukumbuka na miwani yako iliyofungwa uzi, umeshika karatasi iliyoandikwa "Baba Shija, mlango wa kijani, Ngokolo," unacheka peke yako. Hukuirudisha. Uliisukuma kwa posta ya Shinyanga na maneno yako juu: ulizeni kwa wauza pamba. Nikinung'unika kwamba tunapoteza muda, unaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, mtu yupo. Kinachokosekana ni njia tu."

Basi mwanao ndiye aliyekosa njia. Siku uliyofariki nilimpelekea Masunga telegramu: machimboni, Geita. Ikarudi. Anwani haitoshi. Nikaongeza jina la baba yake na la babu yake, ikarudi tena. Machimbo gani, mama yangu? Wale wanahama kila wakisikia dhahabu imeonekana kwingine! Madereva wa malori nimewabebesha ujumbe mpaka wananikwepa. Tulikuzika bila yeye.

Leo asubuhi nimekuta moja kwenye sanduku la mkuu, inasubiri kurudishwa. Juu imeandikwa "Mama, Isaka." Basi, hakuna kingine. Chini: "Nimepata. Nakuja Jumamosi na treni. Usipike, naja na nyama. Masunga."

Mkuu ni mgeni, angejuaje? Mwanao alijua itapita mikononi mwako mwenyewe, ya nini ahangaike na anwani? Nilicheka, Mama. Halafu nikakaa chini sakafuni. Mkuu akauliza nampelekea nani. Nikamjibu kwamba mwenyewe namfahamu, nikaichomoa.

Jumamosi ni kesho. Shangazi zake wanasema nimwache afike nyumbani, wazee wamwambie taratibu. Siwezi. Unajua Masunga akishuka haendi nyumbani, anakuja kwanza kugonga dirisha letu akuite. Nani atalifungua?

Nakuahidi hatafika dirishani. Nitasimama pale mabehewa ya abiria yanapoishia, nimpokee mzigo, nimshike mkono, nimwambie mwenyewe. Nyama yake tutaipika, nitahakikisha anakula. Na akiuliza kama telegramu yake ilikufikia, nitamwambia ilifika. Nimekusomea sasa hivi kwa sauti, neno kwa neno, hapa kwenye kiti chako.

Pumzika, Mama.

Mwanao wa kazini,
Zaina