Mukanda Chini ya Tumbo

Mujukuu wangu Aline,

Mimi na muke wangu, koko yako Georgette, tuko wazima, na maharagi imekauka vizuri. Unauliza: gari yenye mifuko ya hewa inahitaji bado mukanda?

Wakati ya vita niliendesha kamioneti toka Mweso mupaka Sake. Sikufunga mukanda hata siku moja, ili risasi ikilia niruke nikimbie. Siku moja koko yako alipanda, akafunga, akipitisha mukanda chini ya tumbo. Nikamucheka: "Utakimbia namna gani?"

"Papa, na hii tumbo nitakimbia wapi?"

Siku ile hakuna risasi iliyolia. Matope njo ilitutupa mu mufereji. Kichwa yangu ilivunja kioo. Yeye alibaki mu kiti.

Ile mifuko inasaidia mutu mwenye kushikwa na mukanda. Funga, Aline. Mu ile tumbo mulikuwa mama yako.

Babu yako