Nguruwe wa Siku ya Nikola

Dorćol, Belgrade
Novemba

Kaka Momčilo,

Salamu zangu zikukute mzima huko Munich, wewe na wifi Heike na watoto. Sisi hapa hatujambo. Baba amepona kikohozi na ameanza tena kugombana na redio, kwa hiyo ujue yu salama.

Ratiba ya safari yako tumeipata. Nilidhani ni ya mgeni aliyekosea anwani. Unawaleta wenzako wa kazini "waigundue Belgrade": asubuhi ngome, mchana mashua pale Sava inapoingia Danube, usiku kilabu kinachoelea. Umewaahidi raha kwa bei ya kutupa. Mji huu umebomolewa na kujengwa tena na tena, na wewe uliyezaliwa mtaa wa pili kutoka mtoni unaunadi kama viatu vya mitumba! Katika ngome hiyo hiyo ulivunjika jino ukimkimbia mlinzi. Hilo hukuliandika.

Hayo ningeyameza. Lakini siku ya mwisho umeandika: "Slava nyumbani kwa baba." Sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu umeibana kati ya mashua na duka la zawadi. Eti baba avae kofia ya babu, akate mkate wa slava pamoja na padri, kisha akukabidhi ikoni, ile sura takatifu ya Mtakatifu Nikola iliyochorwa ubaoni, mbele ya wenzako, uwe mwenye slava baada yake, kwa sababu mkipiga picha itapendeza. Na chini yake umeagiza nguruwe mzima wa kuchoma.

Nilimsomea baba yote kwa sauti, jirani yetu Stamena akiwa hapo anakunywa kahawa. Nilipofika kwenye nguruwe, baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Stamena akapiga ishara ya msalaba, akasema lo, Tihomir, huyu si mwanao tena, huyu mtalii, tena mtalii asiyeuliza njia! Nguruwe siku ya Nikola, katikati ya mfungo wa Krismasi! Hata mlevi wa pale kona anajua siku hiyo ni samaki tu. Baba hakucheka. Aliuliza kama umekuwa ukiumwa. Nikamwambia hapana, yu mzima kabisa, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Utasema mimi ninayewashambulia mapadri magazetini sina haki ya kuutetea mkate wao. Simtetei padri. Namtetea mzee ambaye kila Desemba huweka kiti chako mezani, na wageni wakishaondoka hukirudisha ukutani kwa mikono yake, wala hataki kusaidiwa.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita baba alimwita padri nyumbani, akanikabidhi mimi ile ikoni na chetezo. Padri alisita. Akasema slava hutoka kwa baba ikaenda kwa mwana wa kiume, na mwana wa kiume yupo. Baba akamjibu, basi nenda kamlete, padri wangu, lakini mwambie amwache nguruwe huko huko. Stamena alicheka mpaka akamwaga kahawa. Padri akabariki. Mimi sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Sikuambii usije. Slava haina mwaliko, na anayekuja hafukuzwi. Walete wenzako, samaki watatosha. Ila utabisha hodi kama mgeni mwingine yeyote, na ile heri ambayo mgeni humtakia mwenye slava utanitakia mimi, pale mlangoni, kwa sauti, kabla hujavua koti.

Nisalimie wifi na watoto. Wao hawana kosa. Baba hajatuma salamu. Nimemwomba mara mbili.

Mimi dada yako,
Vukosava