Ubao wa Kwanza

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani na karakana? Mgongo wa Baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kimejaa.

Huku chuoni siku hizi hatuchori majengo kwa mkono. Tunaiandikia kompyuta hatua, moja baada ya nyingine, nayo inachora. Haijui kukisia, ukikosea inakosea nawe bila aibu. Mtihani wangu ni paa la duara, mbao arobaini zikutane kileleni. Nikakumbuka lile la ukumbi mliloliezeka wewe na Baba. Niandikie unavyofanya, hatua kwa hatua. Mfano bora utawekwa mlangoni mwa chuo, pamoja na jina la aliyeubuni.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Baba mgongo unamsumbua lakini mdomo hapana: barua yako amemsomea kila mteja.

Kumbe ndiyo elimu yenyewe? Miaka mitatu chuoni, halafu unakuja kuniuliza mimi niliyeachishwa shule nishike randa! Nimecheka mpaka nikakasirika. Haya, chukua. Piga kigingi katikati, zungusha kamba upate duara. Simamisha ubao wa kwanza. Pima nafasi, simamisha wa pili. Kutoka huo wa pili pima tena, simamisha wa tatu. Endelea hivyo hivyo hadi duara lifunge. Basi.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nilifuata neno kwa neno. Kompyuta ikachora, mashine ikakata mfano. Kila ubao ulikosea kidogo tu, unene wa unywele, lakini ulirithi kosa la jirani na kuongeza lake. Wa arobaini haukupata pa kuingia, mbele ya walimu wote. Profesa akauliza nani kanipa njia hii. Nikasema nilinakili vibaya. Narudia muhula.

Dada, ulisahau?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Hali yako siulizi, naijua.

Sikusahau. Mimi sipimi kutoka kwa jirani. Kila ubao naupima kutoka ule wa kwanza, tangu nina miaka kumi na minne. Kalamu ilifika hapo nikaizuia.

Nilikuonea wivu, na bado nakuonea. Kwenye hesabu nilikuwa nakuacha mbali. Baba akasema atasomesha mmoja, akakuchagua wewe. Nikaliwazia jina lako mlangoni kwa kazi ya mikono yangu, roho ikaniuma. Jana nimemwambia Baba nilichofanya. Hajanigombeza. Ameacha tu kusoma barua zako kwa wateja.

Nisamehe ukiweza.

Dada yako

20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Msalimie Baba. Nimekaa kimya kwa sababu ya hasira, na haijaisha.

Umetaja wivu, basi usikie na wangu. Kila likizo Baba alinionyesha kwa wageni kama saa mpya, halafu mnaingia karakana wawili, mnafunga mlango, nasikia mnacheka. Msumeno wake alikupa wewe. Mimi alinipa nauli.

Paa limefunga. Kwenye programu kila hatua hupewa jina. Ile ya kurudi kupima kutoka ubao wa kwanza nimeiita Dada, na kompyuta huipitia kwa kila ubao unaofuata. Niliifuta kwa majaribio, paa likagoma.

Mfano uko mlangoni, hatua zote zimebandikwa pembeni. Watu wananiuliza Dada ni nani. Njoo uwajibu mwenyewe, mimi bado nashindwa.

Mdogo wako